Nilipaza sauti mbele ya wamama wa kanisa, sasa natakiwa kuomba samahani

Mama Mshauri, Yesu asifiwe.

Ninaandika usiku, watoto wamelala, umeme umeenda. Usitaje jina langu wala la kanisa letu, maana hapa Kadutu, mtaa wa Bukavu, kila mtu anamjua mwenzake. Nina miaka 41, nimeolewa, tuna watoto watano, na ninauza vikwembe, yaani vitenge vya kujifunga, sokoni.

Miaka mitatu iliyopita wamama wa kanisa walinichagua niwaongoze. Sikuitafuta kazi hiyo. Walionitangulia wote walikuwa wake za wachungaji au za wazee, mimi nilitoka viti vya nyuma. Tuna muso yetu, kikundi cha akiba na kusaidiana, ya wamama 34. Kila siku ya nne (Alhamisi) baada ya maombi tunaweka pesa: kasha la kijani ni la akiba na mikopo, kasha jekundu ni la msaada wakati wa ugonjwa na kilio. Tangu benki za hapa mjini zifungwe mwezi wa pili 2025, makasha hayo ndiyo benki yetu.

Mwezi jana mtoto wa mwenzetu mmoja, mjane anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, alishikwa na malaria kali akalazwa. Mama yake alinijia usiku analia, anahitaji pesa za kuanzia. Nikaenda naye kwa mtunza kasha jekundu. Kwenye kasha palipaswa kuwa na zaidi ya dola 140. Tulikuta franga elfu nane tu. Mtunza kasha aliangalia chini, akasema mama mkubwa mmoja wa kanisa alizichukua ili kupokea wageni waliotoka mbali, na kwamba zitarudishwa. Hakuna aliyeandika. Mimi sikuambiwa. Asubuhi niliuza vikwembe vyangu viwili kwa hasara nikalipa. Mtoto amepona, Mungu asifiwe.

Siku ya nne iliyofuata nilikwenda nimejiandaa kuuliza kwa upole. Nilikuwa nimeandika hata maneno kwenye karatasi ili nisipotee. Kabla sijasimama, mama yule yule akasimama kutufundisha juu ya utoaji, akasema wako wamama wanaoshika pesa za Mungu kama pesa za soko. Sijui kilichonipata. Nilisimama, nikapaza sauti: "Pesa za mtoto wa mjane mmezila kwa kuku na soda!" Kisha machozi, mikono inatetemeka, nikatoka nje. Karatasi yangu ilibaki kwenye kiti.

Tangu siku ile hakuna anayeulizia pesa. Wanaulizia mimi. Mchungaji alituita na mume wangu, akasema, na sitaki kumsingizia, alisema kwa upole kabisa, kwamba kiongozi asiyetawala hasira ana roho inayomsumbua. Nipumzike miezi mitatu, niombewe. Lakini kabla ya hapo, siku ya Mungu (Jumapili) ya mwisho ya mwezi huu, nisimame mbele ya kanisa niombe samahani. Nikifanya hivyo nitarudishiwa nafasi yangu.

Mume wangu anasema: omba tu, yaishe, watoto wanaona aibu. Dada yangu aliye Lubumbashi ananiambia nihame kanisa. Mjane mwenyewe amenisihi ninyamaze, anaogopa kutolewa kwenye muso.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Pengine wana haki. Mama yangu mzazi alikufa mwaka jana upande wa Fizi, barabara haikupitika, sikumzika. Tangu hapo nimekuwa mwepesi wa kuwaka. Nyumbani napiga kelele kwa ajili ya sahani moja ambayo haikuoshwa. Binti yangu wa kwanza aliniambia, "Mama, tukisikia mlango tunanyamaza." Ninafunga, ninaomba Mungu aniondolee hasira, haiondoki. Usiku kifua kinanibana. Mchana nacheka na wateja.

Je, mwanamke wa namna hii anaweza kuongoza wengine? Niombe samahani au nisiombe?

Mama wa Kadutu

* * *

Mama mpenzi wa Kadutu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama kwenye ile karatasi iliyobaki kwenye kiti. Ningependa kujua iko wapi sasa. Mtu asiyetawala hasira haandiki karatasi. Wewe uliona pesa hazipo, ukauza mali yako mtoto atibiwe, ukakaa ukaandika namna ya kuuliza bila kumvunjia mtu heshima. Halafu ukaguswa mahali pabichi, mbele ya watu, na mtu ambaye ulikuwa umejipanga kumstahi. Hayo yote ni sehemu ya habari, lakini waliokuita wanaanzia pale uliposimama na kupiga kelele.

Umeniuliza kama uombe samahani. Mimi naona umefunga mambo matatu katika kikwembe kimoja: pesa za kasha jekundu, sauti yako siku ile, na mama yako ambaye hukumzika. Yamefungwa pamoja kiasi kwamba ukivuta moja yanatoka yote. Nadhani ndivyo yalivyotoka siku ile ya nne. Niruhusu niyafungue moja moja, nawe uniambie moyoni mwako kama nimekosea.

Nianze na neno ulilopewa, kwamba una roho inayokusumbua. Sikatai kwamba watu huhitaji kuombewa, nami nimeombewa mara nyingi. Lakini fungua Nehemia sura ya 5 kabla ya kulimeza neno hilo. Watu wamefika kwa Nehemia, liwali (mtawala) wa Yuda, wanalia: kwa ajili ya njaa wameweka rehani mashamba na nyumba, wanatoa watoto wao wawe watumwa, na wanaowakamua ni ndugu zao wenyewe. Biblia inasema alikasirika sana, tena haisemi kwamba alitubu hasira hiyo. Inasema alifanya shauri na nafsi yake, akawakabili wakubwa, akaitisha mkutano mkubwa. Wale wakubwa walinyamaza, hawakuwa na la kujibu. Wakakubali kurudisha, naye akawaita makuhani, akawaapisha. Hasira yake ilianza kwa kilio cha maskini ikaishia kwenye mali kurudi kwa wenyewe.

Soma hadi mwisho wa sura, maana kuna habari ya wageni. Mezani pa Nehemia walikula Wayahudi 150, mbali na waliotoka mataifa jirani. Kila siku ng'ombe mmoja, kondoo sita, na kuku. Kwa hiyo kupokea wageni si dhambi. Ila yeye hakudai posho ya uliwali, kwa kuwa aliona mzigo wa watu ni mzito. Sijui kama yule mama mkubwa amewahi kusomewa mistari hiyo. Natamani asomewe na mtu anayempenda.

Nakusihi, hata hivyo, usijifananishe na Nehemia haraka, kwa sababu mbili. Yeye alikuwa liwali, wewe umetoka viti vya nyuma. Nimekaa katika vikao vya makanisa ya mji huu kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilimwona mzee mmoja akitupa daftari la hesabu chini kwa hasira. Tulimwokotea, kikao kikaendelea, na hakuna aliyesema ana roho. Sisi wamama tukitoa machozi, kikao kinageuka kuwa juu yetu. Hilo linaniuma, nalisema waziwazi. Lakini ndiyo hali tunayoishi ndani yake, na mama anayeongoza anafanya vema kuijua kabla hajasimama.

Ya pili: kati ya hasira ya Nehemia na mkutano wake palikuwa na mazungumzo. Wewe ulikuwa umeongea na nani kabla ya siku ile? Kwenye barua yako simwoni popote yule mama mkubwa akiulizwa, wawili peke yenu. Namwona mtunza kasha akieleza habari zake. Inawezekana alizila kweli. Inawezekana pia wageni walitangazwa jana yake, mishahara haiji, kanisa halina kitu, akaona aibu ya kuwapa wageni chai tupu, akachukua akiamini atarudisha kabla ya juma kwisha. Hilo halifanyi kosa kuwa haki. Kasha jekundu ni la ugonjwa na kilio, na anayelifungua kwa jambo lingine bila kuandika amevunja agano la wamama 34. Lakini ulisema "mmezila", na neno hilo lilimhukumu kabla hajaulizwa. Ungekuwa wewe uliyehukumiwa hivyo, ungejibu pesa, au ungejibu matusi?

Na mchungaji je, anajua habari ya kasha? Barua yako haisemi. Inawezekana anajua na anafunika. Inawezekana pia amesikia kelele tu. Nakumbuka kuhani Eli alivyomtazama Hana akiomba midomo ikitikisika bila sauti, akamhesabu kuwa mlevi. Hana hakuondoka hekaluni, wala hakukubali jina alilopewa. Alijibu kwa heshima: hapana, bwana wangu, mimi ni mwanamke mwenye huzuni rohoni mwangu. Eli akasikia, akabadili maneno yake, akamwambia aende kwa amani. Wewe ulipoitwa na mume wako, ulipata nafasi ya kujibu hivyo? Au ulikaa kimya kwa sababu ulikuwa tayari umejihukumu?

Kuna mwingine simsikii vizuri katika habari hii: mjane wa sambaza. Shida yake ilitangazwa na wewe, kwa sauti kubwa, mbele ya watu anaowategemea kwa mkopo. Najua ulimtetea. Lakini je, alikupa ruhusa? Sasa anaogopa, na hofu yake ina maana, kwa kuwa wewe ukitoka kwenye muso unabaki na meza sokoni, yeye anabaki na beseni. Lolote utakaloamua kusema mbele ya kanisa, nadhani inafaa alisikie kwanza, na awe na haki ya kukuambia: mimi usinitaje.

Sasa njia zilizo mbele yako. Unaweza kuomba samahani kama ulivyotakiwa, na yaishe kama anavyosema mume wako. Usimdharau, pengine yeye anaona kitu usichokiona, au anaogopa kitu asichokitaja. Muulize: yaishe nini, na wewe unaogopa nini? Amani ya nyumba ina thamani. Hatari ya njia hii ni kwamba samahani ikitoka nzima nzima, swali la pesa litazikwa nayo, na kila mama aliyekuwepo atajifunza kwamba kuuliza kunagharimu nafasi. Hatari nyingine iko kwako mwenyewe. Hasira iliyonyamazishwa kanisani umeshaniambia inakwenda wapi: inakwenda kwenye sahani.

Unaweza kutenganisha. Samahani kwa sauti na kwa neno "mmezila", bila kurudisha swali nyuma. Kitu kama hiki: "Nilipaza sauti, nikamhukumu mama yetu kabla ya kumsikia, kwa hilo naomba mnisamehe. Swali la kasha jekundu bado liko, naomba komite ilijibu mbele ya wamama." Maneno haya mafupi ni mazito kuyabeba. Ukiyasema bila mchungaji kujua kabla, ataona umemtegea, na utaambiwa hukutubu. Ukimwambia kabla, anaweza kukukataza. Mathayo 18 inatupa ngazi: wewe na yeye peke yenu, kisha mashahidi wawili au watatu, kisha kanisa. Wewe ulianza ngazi ya juu. Bado inawezekana kushuka hadi ya kwanza na kuanza tena, ingawa safari hii ni ngumu zaidi, maana yeye sasa ana kidonda. Na ukifika kwake, hutakuwa na mamlaka ya liwali, utakuwa na daftari. Hapo nakuuliza kama kiongozi: kwa miaka mitatu kasha lilikuwa linafunguliwaje? Saini za nani zilihitajika? Kama hata kabla ya siku hiyo hapakuwa na utaratibu, basi sehemu ya swali inakuelekea na wewe, na kulikubali hilo mbele yake kunaweza kumfungulia naye mdomo.

Unaweza pia kukataa kabisa, au kuhama kama anavyosema dada yako. Najua wamama waliohama kanisa wakapumua, sitawaita waoga. Lakini dada yako yuko Lubumbashi, hatakutana na wamama hao kila asubuhi sokoni. Una akiba katika kasha la kijani, watoto wako wana marafiki katika shule ya Jumapili, na mjane atabaki peke yake na yale uliyoyafungua. Tena kile kinachokubana kifua usiku sina hakika kama kitabaki Kadutu ukihama.

Hapo ndipo nafika kwa mama yako.

Wewe ndiye unayepanga vilio vya wengine: nani atapika, nani atalala na wafiwa, kasha jekundu litoe ngapi. Kilio cha mama yako kilikaa wapi? Wamama walikuja kukalia mkeka kwako, au ulisema kwa kuwa mazishi yako mbali basi haina haja, ukarudi sokoni? Sina hakika, lakini nashangaa kama kitu unachomwomba Mungu akiondoe ni hasira kweli, au ni huzuni iliyokosa mahali pa kukaa. Umeomba aiondoe, haiondoki. Je, umewahi kumweleza tu, bila kuomba iondoke? Zaburi ya 13 inaanza kwa "hata lini", na inarudia swali hilo mara nne kabla ya kuomba chochote. Daudi hakuogopa kwamba Mungu atamvua uongozi kwa kulalamika.

Ndiyo maana ile miezi mitatu siikatai haraka. Ikiitwa adhabu, itakuumiza. Lakini ungeweza kumwendea mchungaji na kumwambia: "Naikubali, ila naomba iitwe maombolezo. Mama yangu alikufa, sikumzika." Huenda hajui. Huenda wamama wote 34 hawajui unachobeba, kwa kuwa mchana unacheka. Kama wangekuja nyumbani siku moja ya posho (Jumamosi), mkaimba, mkamtaja mama yako kwa jina, sijui nini kingebadilika kuhusu pesa. Pengine hakuna. Lakini ungeingia kwenye swali la pesa ukiwa na mzigo mmoja badala ya miwili. Hatari ipo: wako watakaosema unatafuta huruma, na wako watakaosahau kwamba bado kuna swali. Ndiyo sababu nakusihi karatasi ile usiitupe.

Kuhusu mwili wako sitaki kuzunguka. Kifua kinachobana usiku kinahitaji kupimwa tansio (shinikizo la damu), juma hili kama unaweza. Na kufunga, mama yangu, kufunga ukiwa na huzuni, ukiwa umesimama sokoni tangu asubuhi, jioni unaingia nyumbani na njaa, watoto watano wanakungoja: njaa na hasira ni majirani wa ukuta mmoja. Mungu hatachukia ukiacha kufunga kwa muda. Kabla ya kufungua mlango wako jioni, simama nje kidogo, vuta pumzi, uitoe polepole kuliko ulivyoivuta, mara tano au sita. Moyo unapunguza mbio kweli. Kisha jiambie kwa jina kile ulichonacho: nimechoka, au nina aibu, au namkumbuka mama. Kitu chenye jina kinakupa nafasi ya kuchagua. Na ukiona haitoshi, mji wetu una watu waliosomea kusikiliza. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa 1999 chini ya kanisa, imetuzoeza kuona daktari wa mwili na mshauri wa nafsi wakitembea pamoja, na kumwona mshauri si kukosa imani.

Kuna samahani moja ambayo hakuna komite iliyokudai. Binti yako amekuambia kwamba wakisikia mlango wananyamaza. Angalia alivyo jasiri: alikwenda kwa mwenye nguvu kuliko yeye, akamwambia ukweli kwa upole, wawili peke yao. Sijui kama ulimjibu. Ungeweza kuanza na yeye, kabla ya siku ya Mungu, kabla ya mchungaji, na kujisikia jinsi neno "nisamehe" linavyotoka mdomoni mwako likiwa si la kulazimishwa. Pengine ukishalisikia, utajua ni sehemu gani ya samahani ya kanisani ni yako kweli na ipi umevalishwa.

Umeuliza kama mwanamke wa namna hii anaweza kuongoza. Mimi sikukuchagua, kwa hiyo jibu silo langu. Wamama 34 walikuchagua ukitoka nyuma. Tafuta wawili au watatu kati yao wasiokuogopa na wasiokusifu, waulize hivi hivi ulivyoniuliza, kisha nyamaza wamalize.

Zimebaki siku chache hadi mwisho wa mwezi, na kama hazitoshi, unaweza kumwomba mchungaji akuongezee majuma mawili. Kuomba muda si kukataa. Niandikie tena, hata kwa mistari miwili, uniambie kama tansio imepimwa na mama yako aliitwa nani. Siku ya nne, saa za kikao chenu, nitakuwa nakuombea.

Mama Mshauri
Bukavu